Miezi minane na GeoGebra: nilichojifunza kuhusu ushuru wa dumu la mawese

Mchana nauza mawese soko la Mwanga, Kigoma mjini. Usiku nasoma shahada ya uchumi kwa masafa, na huu ni mwaka wa pili. Chuo sikitaji, kwa sababu darasa lake la video ndilo lililonifikisha hapa. Linaanza saa mbili usiku, saa ambayo kila mtu yuko mtandaoni. Mwalimu anaanza kuchora mstari wa mahitaji, picha inaganda mkono ukiwa hewani, na ikirudi ubao una mistari mitano naye anasema, "Kama mnavyoona hapo." Sisi tumeona mkono. Maandishi wanayotutumia yana michoro, lakini imekuja imeshakamilika, hujui mstari upi ulisogea kwanza na upi ulibaki palepale.

Aliyenitoa shimoni ni mpwa wangu wa kidato cha sita, anasoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu. Alinikuta nachora kwa rula nyuma ya daftari la madeni.

"Shangazi, mbona unajitesa? Leta simu."

Akaniwekea GeoGebra, programu ya kuchora mistari na michoro ya hesabu. Nilipomwambia hiyo ni ya hesabu, mimi nasoma uchumi, alicheka. Kweli ilianzia kwenye hesabu: Markus Hohenwarter aliibuni Salzburg, Austria, mwaka 2001, akiwa mwanafunzi. Ni ya bure kwa anayejisomea kama mimi, na ukishaipakua haidai bando. Kwa mtu ambaye bando la wiki linaisha Jumatano, hapo tu ilishanipata.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaandika mstari wa wanunuzi, y = 100 - 2x. Halafu wa wauzaji, y = 20 + 2x + k. Programu ikikuta herufi isiyoijua, yaani hiyo k, inakuwekea kitufe cha kuteleza ambacho mpwa wangu anakiita slaida. Mimi k yangu ni ushuru, yaani kodi ya kila dumu; y ni bei, na x ni idadi ya madumu. Bei nimeihesabu kwa maelfu ya shilingi kwa dumu la lita 20, na namba nimezibuni ziwe rahisi. Usiku wa kwanza sikuona mstari hata mmoja. Kumbe nilikuwa natazama kona ndogo ya karatasi na mistari yangu iko juu huko kwenye 60. Rudisha picha nyuma kwa vidole viwili. Na slaida inaanza na mipaka ya -5 hadi 5, kwa hiyo panua mwenyewe. Hayo nilipaswa kuyauliza kabla ya kulala na hasira.

Sasa ushuru. Pale sokoni tuna msemo wetu: ushuru ni wa mteja, sisi tunampitishia tu. Nami niliamini hivyo. Bila kodi mistari yangu inakatana kwenye madumu 20 kwa bei ya 60. Nikasogeza k hadi 8, yaani ushuru wa shilingi 8,000. Mstari wa wauzaji ukapanda, makutano yakahamia madumu 18, bei 64. Mteja kaongeza 4,000 tu. Mimi nikitoa ushuru nabaki na 56,000, nilikozoea 60,000. Nusu kwa nusu.

Nikawaza: hawa ni kina mama wa mtaani, wale wasiokubali mboga bila mawese. Vipi wale wa jumla wanaokuja kutoka Kahama, ambao bei ikipanda kidogo wanageukia alizeti ya Singida? Nikabadilisha mstari wa wanunuzi uwe y = 70 - 0.5x, uliolala zaidi. Bila kodi unapita palepale, 20 na 60. Nikasogeza k taratibu, nikitazama. Bei ikagoma kupanda, ikaishia 61.6, na madumu yakashuka hadi 16.8. Katika ile 8,000 mteja kabeba 1,600. Mimi 6,400.

Nilirudia mara tatu. Unyumbufu wa mahitaji, yaani jinsi wanunuzi wanavyopunguza kununua bei ikipanda, nilikuwa nimeukariri kwa ajili ya mtihani, fomyula na yote, na sikuwahi kujua kwamba unazungumzia mfuko wangu. Anayeweza kuondoka ndiye asiyebeba mzigo.

Kuna jambo moja litakalowachanganya wenzangu. Kwenye hesabu, kinachoamua kinakaa mlalo na kinachoamuliwa kinakaa wima. Darasani tunasema bei inaamua kiasi, halafu bei hiyohiyo tunaiweka wima. Ni desturi iliyotokana na mchumi Mwingereza Alfred Marshall, kitabu chake cha mwaka 1890, na wachumi hawajaiacha. Kwa hiyo ukipewa Q = 50 - 0.5P, Q ikiwa kiasi na P bei, igeuze kwanza iwe P = 100 - 2Q ndipo uandike. Nilipoteza maksi za zoezi zima kwa hilo.

Nisichokipata humo ni stoo. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, mchoro ungesema ugavi umesogea kushoto, bei juu, basi. Lakini mwenye magunia ya dagaa wakavu ndani anajipangia siku ya kuyatoa, na mwenye kikapu hana siku ya kupanga. Mistari miwili haina mlango wa stoo. Hilo si la programu, ni la uchumi wa mwaka wa kwanza, na nimemwandikia mwalimu. Akajibu: "Subiri mwaka wa tatu."

Mtihani bado ni penseli na rula, kwa hiyo usitupe rula.

Siku hizi naingiza namba zangu za kweli: kila jioni bei ya dumu na madumu yaliyoondoka, nukta moja. Nina nukta arobaini na moja, zimetapakaa kama dagaa juani pale mwalo wa Kibirizi. Nikaandika amri ya FitLine ipitishe mstari katikati, nikitarajia uteremke kama wa vitabuni. Ukapanda. Eti bei ikiongezeka nauza zaidi! Nilidhani nimekosea kuandika, nikapitia daftari siku kwa siku. Zile nukta za juu kulia zote ni za siku nane za kuelekea Idi, kila mtu ananunua, na bei imepanda kwa sababu wananunua. Nilichopata si mstari wa mahitaji. Ni mahitaji na ugavi vimesogea pamoja na kuniachia nyayo zilizochanganyika. Nimezitenga siku hizo. Zimebaki nukta thelathini na tatu, na mstari umeanza kulala.