Vikao vya ushauri nasaha Lamu mjini, nawapa nyota nne
Nimeenda vikao vitatu, 500 kila kimoja, na wallahi sijutii. Tulifunzwa kusikiliza kwa makini, ile mbinu wanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers na Richard Farson waliyoiandikia mwaka 1957, mzazi akiongea usimkatize, mrudishie alichosema kwa maneno yako halafu muulize kama umemuelewa. Juzi babangu kanikataza kuuza mashua ninunue boti ya injini, nami badala ya kupandisha sauti nikamwambia, "Baba, kumbe wahofia tutapoteza kitu cha mzee?" Akaweka sindano ya tanga chini, akanyamaza kitambo, akasema ndio, mbao zile alizipasua na marehemu babu. Miaka yote sikujua! Hatujakubaliana bado ila twaongea. Chumba chao tu ndio kidogo, joto balaa, feni mbovu.