Drinka ya kupindua ya lita 10: kwa kuku 20 wa mayai Mtwara, nunua mbili

Maduka ya pembejeo mjini Mtwara yanauza sana drinka hii, yaani chombo cha kunyweshea kuku maji: tenki jeupe juu, sahani nyekundu chini, kishikio cha kubebea. Unajaza tenki, unafunga sahani, unageuza. Maji yanashuka hadi yafunike tundu la chini. Hewa ikikosa pa kuingilia, yanasimama. Kuku akinywa, tundu linafunuka, mapovu mawili matatu yanapanda na maji yanashuka tena. Haina koki wala boya.

Muuzaji akisema inatosha kuku 30 au 40, kwa nafasi ya midomo yuko sahihi. Kwa ujazo anakupotosha. Kuku wa mayai hunywa kama robo lita siku ya kawaida, na joto la Novemba hadi Februari likikaza hapa pwani ya kusini anaweza kufika nusu lita. Kuku 20 wanaikausha lita 10, na wewe ukiwa kazini hakuna wa kuijaza. Kuku asiyekunywa maji hali chakula, na yai ukitoa ganda karibu robo tatu yake ni maji. Siku moja kavu inatosha kushusha utagaji, na haurudi kesho yake. Kwa hiyo kuku 20, drinka mbili, tena ziwe pembe tofauti za banda ili mbabe mmoja asizikalie zote.

Ubora unatofautiana mno, ijaribu kabla ya kulipa. Omba maji, ijaze, igeuze, iweke pahali palipo sawa na usubiri dakika 10. Maji yanatakiwa kusimama chini ya ukingo wa sahani. Yakiendelea kupanda, tenki lina ufa, hata kama jicho halioni: hewa inapenya juu na maji yote yataishia kwenye maranda. Maranda yakilowa, harufu ya amonia inapanda na koksidia (ugonjwa wa kuhara damu) haiko mbali. Kagua pia meno ya kufungia sahani. Hayo ndiyo hufa kwanza, kwa sababu plastiki iliyopigwa jua hukauka na kukatika siku umebeba tenki limejaa.

Usiiweke chini. Tumia tofali au matofali mawili, ukingo wa sahani ulingane na mgongo wa kuku. Ikiwa chini zaidi wanapekua maranda na kinyesi hadi ndani. Msingi ukiinama, maji yanamwagika upande mmoja hadi tenki liishe. Kivuli cha mkorosho au mwembe kinafaa, ila angalia kilipo saa tisa alasiri, kwani kivuli cha asubuhi huwa kimeshahama. Maji yakipata moto kuku wanayakwepa, saa zile zile wanapoyahitaji zaidi. Badilisha mchana, hata kama hayajaisha. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, tenki lililofunikwa linaishinda beseni, lakini sahani bado inapokea vumbi: imwage na uisuuze kila asubuhi.

Utelezi ukishika ndani ya sahani, sugua kwa brashi na sabuni kila siku. Jiki mara moja kwa wiki, kisha suuza hadi harufu iishe. Usitumie jiki siku mbili kabla ya chanjo ya mdondo (kideri) inayotiwa kwenye maji, kwa sababu klorini inaua chanjo yenyewe.

Ndoo ya lita 20 yenye nipo (chuchu ndogo inayotoa maji kuku akiigusa kwa mdomo) inabaki safi zaidi: nipo moja kwa kuku 8 hadi 10. Lakini mchanga wa maji ya kisima huziba nipo kimyakimya, na usipobonyeza moja moja kila asubuhi utagundua mayai yakishapungua. Kwa banda dogo la nyuma ya nyumba, drinka hii ni bora, maana ukitupa jicho tu unaona kama maji yapo.