Taa za Rangi Ndani ya Kompyuta: Tepe Mbili Zatosha

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena. Leo nipo nyumbani, Michenzani, na madirisha nimeyafunga makusudi ili mwanga muuone vizuri. Kwa hiyo mkiniona natiririka jasho, hilo ni joto la kaskazi, si woga wa kamera.

Haya. Mezani nina tepe za taa za kubandika ndani ya kasha la kompyuta. Zilikuja tatu, kila moja sentimita 40, na kila moja ina taa 21, nimezihesabu. Jina la kampuni halipo, boksi limeandikwa RGB, basi. Nimezinunua Darajani kwa elfu 35.

Sasa hapo kwenye "RGB, basi" ndipo penye mtego. RGB ni nyekundu, kijani na bluu, na taa hizi zipo aina mbili. Ipo ya volti 12, pini nne: ukitaka nyekundu, utepe mzima unakuwa nyekundu. Na ipo ya volti 5, pini tatu, wenyewe huiita ARGB. Hiyo kila taa ina chipu yake, kwa hiyo hii ikiwa kijani, ya pembeni yaweza kuwa bluu, na rangi zikakimbizana. Hizi zangu ni za volti 5. Hebu tazama plagi yake, nasogeza karibu... umeona? Plagi nzuri huwa na kizibo pale penye tundu lisilotumika, haiingii pasipo pake. Hii haina. Ukiichomeka kwenye pini za volti 12 inaingia tu, kimya. Mimi mwaka jana nilifanya hivyo hivyo na utepe mwengine. Ukawaka mweupe kama radi, mara moja, kisha ikaja harufu. Kwa hiyo washa tochi ya simu, soma maandishi madogo kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, pale penye pini. Ukiona 12V, toa mkono.

Tupige na hesabu kidogo. Taa moja ya namna hii ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula karibu miliampea 60. Tepe mbili ni taa 42, yaani ampea 2.5 na kidogo. Pini za mazabodi nyingi mwisho wake ampea 3. Ukitia utepe wa tatu unafika 3.8 hivi, ushapita. Muuzaji kaniambia, "Weka zote, yakhe, iwake!" Kwani mazabodi yake? Ukizitaka zote lazima upate kidhibiti kinachovuta umeme moja kwa moja kwenye pawa saplai, lile boksi la umeme la kompyuta, kwa plagi ya sata, ile bapa ya umeme wa diski.

Kuunga ni rahisi. Utepe una mshale mdogo, na unapoanzia mshale ndipo panapoelekea kwenye mazabodi. Usipowaka usikimbilie kuurudisha dukani, ugeuze kwanza.

Kilichoniudhi ni gundi. Siku ya kwanza, safi. Siku ya tatu niko katikati ya mechi nasikia trrrr! Utepe umebanduka juu, umeangukia feni ya kadi ya picha. Kwa joto letu hili na unyevu wa baharini, gundi hii ni ya kuombewa dua. Nilizitoa zote, nikafuta bati kwa spiriti, nikazifunga kwa vile vifungio vya plastiki vya mafundi umeme. Tangu hapo hazijasogea.

Halafu mahali pa kuziweka. Mwanzo nilizibandika chini, karibu na kioo, kama wafanyavyo wengi. Zikawa nukta nukta, zinakupiga machoni. Mama akapita, akasimama mlangoni: "Mwanangu, hiyo kompyuta au daladala ya Bububu?" Nikanyamaza, maana kasema kweli. Sasa nimezificha nyuma ya ukingo wa kasha, moja juu na moja mbele, taa zinaangalia ndani. Tazama... nazima ya chumbani... taa huzioni, unauona mwanga wake tu. Kasha langu ni jeusi ndani, linameza mwanga. Kama lako jeupe, pengine hata utepe mmoja utakutosha. Na kama lako ni lile la bati tupu, la kompyuta za ofisini zilizotumika, pesa hiyo kanunulie RAM.

Rangi zake? Nyekundu na kijani ni nzuri sana. Nyeupe ina ubluu, kama wodi ya hospitali. Mie natumia programu ya OpenRGB, ni ya bure, ila lazima iitambue mazabodi yako, na nimeweka rangi moja tu, ile ya mwanga wa chemli, kwa asilimia 40. Ule upinde wa mvua unaozunguka utaufurahia dakika tano. Na mdogo wangu kaniuliza kama zinaongeza spidi. Haziongezi, baba.

Ningezinunua tena? Kwa taa zake, ndiyo. Vifungio nanunua siku hiyo hiyo.

Na ule utepe wa tatu nimemfungia mama nyuma ya kioo chake cha kabati, kwa kidhibiti cha USB na chaja ya simu. Kauweka upinde wa mvua. Tangu juzi hajauzima.