Kundi la dada wa tumbo moja au la waliochaguliwa kwa usaili?

Hapa Kigoma mabinti wanaotaka kuanzisha kundi la muziki wanabishana sana hili, sa tuangalie mifano. Las Ketchup wa Hispania walikuwa dada watatu, 2002 wimbo wao Aserejé ukashika namba moja nchi kibao, ila hit ya hivyo hawakuipata tena, 2006 wakaongeza dada wa nne wakaenda Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, wakawa wa 21. Spice Girls wa Uingereza walipatikana kwa tangazo la usaili 1994, hit zikafuatana, lakini 1998 mmoja wao, Geri, akasepa.

Gharama ndugu wanashinda, mazoezi ni sebuleni, hamna nauli ya kutoka Ujiji hadi Mwanga kila jioni. Kudumu nako ndugu, hit ikipoa bado mnakula pamoja. Ila kwa vipaji usaili unawazidi mbali, unachagua sauti unayoitaka, nyumbani unachukua aliyepo. Na hela jamani! Ndugu wakigombania mgao mama ndo anaumia, wa usaili wanaandikishana mapema na mtu haoni aibu kudai chake.

Dada zako wanaimba kweli? Anza nao. Kama mwenye sauti ni wewe tu, tangaza usaili na mkataba usainiwe kabla ya kuingia studio.