Uzoefu wangu na rili ya sentapini katika mvua na upepo wa kusi, Lindi

Rili ninayoizungumzia hapa ni ya sentapini, yaani gurudumu la uzi linalozunguka huru juu ya pini moja ya katikati, bila gia wala breki ya ndani, na kinachoitawala ni kidole gumba cha mvuvi kinachogusa ukingo wake. Yangu ni ya aluminiamu, ina kipenyo cha inchi 4.5 na imekaa juu ya beringi mbili ndogo. Niliiagiza kutoka Uingereza kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile ya rili za kawaida zinazouzwa madukani kwetu, na nimeitumia tangu masika hadi kusi lilipokolea, katika mlango wa Mto Lukuledi, pale ambapo maji ya bahari huingia na kutoka kati ya mji wa Lindi na Kitunda. Nitaeleza zaidi inavyoshikika mikono ikiwa imelowa na imeingiwa na baridi, kwa sababu hapo ndipo ubora na udhaifu wake huonekana, na maelezo ya wauzaji niliyoyasoma kabla ya kununua hayakuligusa jambo hilo.

Rili za namna hii zilikuzwa Nottingham, kando ya Mto Trent, zikitengenezwa kwa mbao, ili mvuvi aweze kuliachia boya lisafiri na mkondo kwa mwendo uleule wa maji. Leo zinapendwa pia katika mito ya Ontario nchini Kanada, ambako watu huvua wakati wa majira ya baridi hadi barafu ikaganda kwenye pete za fimbo. Sisi Lindi hatuna barafu, na alfajiri ya Julai halijoto huwa karibu nyuzi 20 tu, lakini mtu aliyelowa manyunyu huku kusi likimpiga tangu kabla ya jua kuchomoza anajua jinsi vidole vinavyokufa ganzi. Rili inayotegemea hisia za kidole kimoja inadhurika na ganzi hiyo kuliko rili nyingine yoyote niliyowahi kuishika.

Kwanza niseme kwa nini ninaivumilia. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapoanza kupwa, mkondo wa Lukuledi hutoka kwa nguvu na kupita kandokando ya mikoko, na samaki aina ya changu hukaa pembeni ya mkondo huo wakingoja kinacholetwa na maji. Naweka kamba wa baharini kwenye ndoano kama chambo, chubwi ndogo juu yake, na boya, kisha naliachia liende. Gurudumu huzunguka lenyewe kwa kuvutwa na maji, bila kukwama wala kushtua uzi, na chambo husafiri mbali sana kikiwa katika kina kilekile. Nikigusa ukingo kidogo, boya hupunguza mwendo na chambo hutangulia mbele yake kikiinuka taratibu, na mara nyingi samaki hula wakati huohuo. Kwa rili ya kawaida yenye waya wa kugeuza uzi sijawahi kukifikisha chambo hivyo, kwa kuwa uzi hutoka kwa mafungu na boya huenda likisitasita.

Mvua ikianza, kidole gumba ndicho cha kwanza kupata shida. Maji hutanda juu ya ukingo wa aluminiamu, kidole huteleza juu yake, na mvuvi hubonyeza zaidi ili apate mshiko. Halafu sehemu ya ukingo iliyopanguswa na kidole hukauka kidogo na kunata ghafla, gurudumu husimama, na boya huruka nje ya njia yake. Kwa mvua kubwa tatizo hili ni dogo, kwa sababu kila kitu kimelowa sawasawa. Rasharasha inayokuja na kukatika ndiyo mbaya zaidi. Nilichoona kinafaa ni kukata kidole kimoja cha glavu ya pamba, kukivaa kwenye kidole gumba, na kukilowesha makusudi kabla ya kuanza kuvua, mvua iwepo au isiwepo. Pamba iliyolowa hushika ukingo kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, na pia huzuia upepo usiipige ngozi moja kwa moja. Ngozi ya mnyama haifai kwa kazi hii, kwani chumvi huifanya iwe ngumu ikikauka. Mkono wa pili nauacha wazi, na shingoni nafunga kitambaa kikavu ndani ya koti la mvua ili nipate pa kuupangusia.

Mzee mmoja anayevua kwa mshipi wa mkono tangu ujana wake aliomba aishike. Baada ya shikamoo na marahaba nikampa, akaliachia boya, akaweka kidole chake kigumu juu ya ukingo bila kuelekezwa, na akasema, “Mwanangu, huu ni mshipi wa mkono uliotiwa gurudumu.” Nakubaliana naye kabisa. Aliyezoea kusikia samaki kwa vidole atajifunza rili hii haraka kuliko aliyeanza na rili ya gia.

Jambo la pili ni maji yanayoingia nyuma ya gurudumu. Nafasi kati ya gurudumu na sahani ya nyuma ni nyembamba, na tone likikaa hapo hushika pande zote mbili. Wakati wa bamvua huwezi kugundua, kwani mkondo una nguvu ya kutosha; lakini siku za maji mafu, kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo, gurudumu huwa zito na boya hubaki nyuma ya mkondo. Dawa yake ni kulichomoa gurudumu, kazi ya kubonyeza kitufe kimoja, kupangusa sehemu zote mbili na kulirudisha. Kwenye beringi natia tone la mafuta mepesi ya cherehani. Grisi siitumii, kwa sababu huwa nzito hewa ikipoa na hukusanya mchanga wa ufukweni.

Kurusha ni sehemu nisiyoipenda. Kusi linapovuka maji kutoka upande wa Kitunda, uzi uliolowa hunata kwenye fimbo, na pumzi moja ya upepo hutosha kuutoa kwenye gurudumu kabla sijauzuia. Siku kama hizo sirushi mbali. Nashusha boya karibu na miguu yangu na kuuachia mkondo kazi.

Samaki mkubwa ni habari nyingine. Kolekole akikimbia, vishikio vya gurudumu huzunguka kwa kasi na kugonga vifundo vya vidole, na kidole chenye baridi huumia maradufu. Ni lazima uachie kishikio mara moja na kubana ukingo kwa kiganja kutoka chini. Kurudisha uzi pia ni kazi ya polepole, maana mzunguko mmoja wa mkono huvuta takriban sentimita 30 tu. Kwa changu wa kawaida mapambano hayo ni matamu mno, kwani kila mtikisiko wa kichwa chake unafika mkononi. Kwa anayetaka kuvua kwenye miamba inayopigwa na mawimbi siipendekezi. Huko ingefaa zaidi rili ya Alvey ya Australia, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1920, ambayo gurudumu lake hugeuzwa ubavu wakati wa kurusha.

Mwisho kabisa ni chumvi. Rili hii ilibuniwa kwa maji ya mtoni yasiyo na chumvi, na beringi zake za chuma huanza kukwaruza zikiachwa usiku mmoja tu na maji ya bahari. Nikifika nyumbani nailoweka katika maji ya bomba yasiyo na msukumo, nachomoa gurudumu, na kuvilaza vipande vyote kivulini hadi vikauke kabla ya kutia mafuta. Ningekuwa nanunua leo ningechagua ile isiyo na beringi, inayozunguka juu ya pini tupu, hata kama ni nzito kidogo kuanza kuzunguka. Atakayechukua ya beringi kama yangu aagize jozi ya akiba pamoja na rili yenyewe, kwa kuwa za ukubwa huo sikuzipata Lindi wala Mtwara mjini.