Mazungumzo ya sanaa na sayansi: ukumbini au podikasti?

Hapa Kampala ubishi huu hauishi. Kwa gharama, podikasti inashinda: bando dogo tu, hulipi bodaboda hadi Jumba la Taifa la Maigizo, lililofunguliwa 1959. Mvua na foleni hazikuhusu. Kero yake ni simu kujaa.

Lakini mada ikiwa lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ukumbi hauna mpinzani. Unakishika, unaona alama za nyundo ya mbao yenye mifereji, unamuuliza fundi mti unaponaje baada ya kuchunwa (hufungwa majani ya mgomba, gome likaota upya). Podikasti hapo itakusimulia tu.

Uko mbali na Kampala, Arua au Kabale? Pakua. Unasoma Makerere na unapenda kubishana? Nenda ukumbini, ila uliza kwanza kiingilio.