Fiverr, Upwork au Freelancer.com: pa kuanzia kwa asiye na nyota hata moja

Mimi ni mfasiri, naishi Kisauni, Mombasa, na sehemu kubwa ya riziki yangu hutoka kwa wateja ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Wanaotaka kuingia kwenye kazi hizi za mtandaoni huniuliza tovuti ipi inalipa vizuri zaidi kati ya Fiverr, Upwork na Freelancer.com, ambazo huwakutanisha wateja na wafanyakazi wa kujitegemea. Kwa anayeanza, swali la kufaa ni jingine: ni wapi mtu asiyejulikana, asiye na nyota hata moja, yaani alama ambazo wateja humpa aliyewafanyia kazi, anaweza kupata kazi ya kwanza bila kutoa pesa mfukoni? Kwa kipimo hicho naiweka Fiverr mbele, ingawa makato yake ni mazito.

Fiverr huombi kazi. Unaandika tangazo la huduma yako, unataja bei na siku utakazohitaji, na mteja ndiye anayekutafuta. Kujiunga ni bure, kuweka tangazo ni bure. Ukilipwa, wao huchukua asilimia 20, kwa hiyo kazi ya dola 20 inakuachia 16. Tena pesa hiyo hukaa siku 14 baada ya kazi kukamilika kabla muuzaji wa kawaida hajaweza kuitoa. Ndiyo maana simshauri mtu aache kibarua alicho nacho kwa sababu ya oda mbili tatu za mwanzo; mwenye nyumba hasubiri siku 14. Lakini hukatwa yule aliyepata. Asiyepata hajapoteza shilingi.

Kitu ninachokipenda hasa, na ambacho wageni wengi hukipita bila kukitazama, ni yale maswali unayoruhusiwa kumwekea mteja. Unaandika unachohitaji kujua, na saa ya oda haianzi kuhesabu mpaka mteja ajibu. Mimi huuliza: wasomaji ni wa Kenya au Tanzania? Maandishi yatachapishwa kwenye karatasi au yatasomwa kwenye simu? Kuna orodha ya istilahi mnayoitumia tayari? Mteja akishajibu, naanza kazi nikijua anachotaka, na hawezi kurudi baadaye kusema alitarajia kitu kingine. Unaamua pia ni mara ngapi utarekebisha. Weka idadi, usiandike bila kikomo. Ukishakabidhi kazi na mteja akanyamaza, oda hujifunga yenyewe baada ya siku 3.

Sasa tangazo lenyewe. “Nitatafsiri chochote” halimfikii mtu, kwa sababu maelfu wameliandika. Andika huduma nyembamba: dodoso za utafiti wa afya kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, au manukuu ya video za mafunzo. Mtafiti aliyeko Uingereza anayejiandaa kwenda Kilifi hatafuti mtu wa kila kitu. Anatafuta mtu anayejua namna ya kumuuliza mama mjamzito kuhusu kliniki bila kumtia aibu. Ambatisha sampuli ya ukurasa mmoja, uliouandika wewe mwenyewe, na uusome kwa sauti kabla ya kuuweka. Siku hizi tafsiri ya mashine ni bure kwa kila mtu. Mteja anayelipa analipia sikio lako.

Upwork ni soko la namna nyingine. Ilizaliwa na muungano wa Elance na oDesk, ikachukua jina hili mwaka 2015, na huko wewe ndiye unayewinda. Kila ombi la kazi hugharimu vipande wanavyoviita Connects, na kimoja ni senti 15 za Marekani. Kazi ikidai 16, umelipa dola 2.40, yaani zaidi ya shilingi mia tatu za Kenya, kwa ombi moja tu. Akichaguliwa mwingine, hazirudi. Mtu mwenye sampuli nzuri na wateja wa zamani hilo halimsumbui. Kijana anayenunua bando la intaneti la siku linamuumiza.

Hata hivyo nasema kwa moyo mweupe kwamba wateja wangu wa muda mrefu nimewapata Upwork. Ukurasa wa kazi hukuonyesha kama mteja amethibitisha njia yake ya malipo, ametumia kiasi gani tangu ajiunge, na waliomfanyia kazi wamesema nini. Soma hayo kabla hujatumia kipande hata kimoja. Kazi zinazolipwa kwa saa zina programu inayopiga picha ya skrini yako takriban mara sita kwa saa. Wengine huona ni kuchungwa, mimi naona ni ulinzi, maana saa zilizorekodiwa kwa kufuata masharti yao zina dhamana ya malipo. Tangu 2025 ada yao imekuwa kati ya sifuri na asilimia 15 kulingana na mkataba, na unaiona kabla hujakubali. Nenda huko ukishapata kazi chache za kuonyesha.

Freelancer.com simshauri mgeni. Kwa kazi za bei moja iliyokubaliwa mwanzoni ada ni asilimia 10 au dola 5, ile iliyo kubwa, na hukatwa pale unapokubali kazi, si pale unapolipwa. Kazi ya dola 20 imeshakula robo kabla hujaandika sentensi.

Kabla ya kujaza wasifu popote, hakikisha pesa ina njia ya kukufikia. Kenya tumepata nafuu tangu 2018, PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, ilipounganishwa na M-Pesa. Cha kutazama ni kiwango wanachokubadilishia dola. Payoneer, huduma nyingine ya kupokea pesa kutoka nje, nayo hutumika sana. Aliyeko Tanga au Bukoba asichukue njia ya Kenya akadhani ndiyo yake, kwani huduma hizi hutofautiana nchi kwa nchi. Jina kwenye akaunti liwe lile la kitambulisho, herufi kwa herufi.

Na tafadhali, usikodi akaunti ya mtu. Najua zinatangazwa kwenye makundi ya WhatsApp, zina nyota tayari, na mwenyewe anataka fungu tu. Ni kinyume cha masharti ya tovuti hizi, pesa huingia kwa mwenye jina, na siku akibadilisha nywila huna pa kushtaki. Nimewaona vijana wenye uwezo wa kweli wakifanya kazi usiku kucha kwa ajili ya nyota za mtu mwingine, na inaniuma. Mteja anayekutaka utume amana ndipo akupe kazi naye mwache hapo hapo. Ukikosa kompyuta au mtu wa kukuelekeza, mpango wa serikali ya Kenya wa Ajira Digital hutoa mafunzo bure.

Kwa wafasiri wenzangu nina nyongeza moja: fungueni ukurasa ProZ.com pia, tovuti ya wafasiri iliyoanza 1999. Humo kuna Blue Board, ambapo wafasiri huzipa kampuni za tafsiri alama kati ya 1 na 5 kulingana na utayari wao wa kufanya nazo kazi tena. Kampuni ikiniandikia, huitafuta humo kwanza, nikasoma maoni ya karibuni, ndipo nikataja bei yangu kwa kila neno.